Mtaalamu wa Sahani Tupu

Shahada ya kwanza alikuwa nayo. Akaongeza ya pili, ya lishe, na bado shangazi yake aliwaambia majirani kwamba binti anasomea upishi. Sasa alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini, na kati yake na usajili palibaki mgonjwa mmoja tu wa kumnenepesha: mzee fundi viatu wa kitanda cha dirishani, aliyekonda hadi pajama ndiyo iliyomvaa.

Mtaalamu wetu akapiga hesabu. Mayai, maziwa, nyama laini, kila tonge na uzito wake. Baada ya kila mlo alipita kukagua sahani kama alivyofundishwa, akaikuta inang'aa, akaandika: amekula chote. Msimamizi wake, mama asiyetoa sifa ovyo, alimsifu mara mbili. Mzani tu ndio haukwenda chuo. Mzee alizidi kupungua.

"Mbovu huo," msomi akasema, akaagiza mzani mwingine. Nao ukasema yaleyale.

Siku moja alisahau kalamu wodini, akarudi wakati wa chakula. Mzee alikuwa anamlisha mkewe, bibi aliyeshinda hapo kutwa kumuuguza.

"Kula, mama watoto. Mimi nimeshiba."

Aibu ikamjaa binti wa watu. Akakimbilia jikoni kumwombea bibi sahani yake, wakamjibu kwamba bibi hana faili. Akamweleza msimamizi.

"Mwanangu, usijitie kitanzi," msimamizi akanong'ona. "Andika ugonjwa umekataa, wakupitishe, mambo yaishe."

Ushauri mtamu huo, na usajili aliutaka kufa na kupona. Lakini mbele ya jopo la usajili, mabwana watatu wenye vitambi vya heshima, ulimi ukamponyoka. Akasema mpango wake umefanya kazi vizuri mno: mke wa mgonjwa amenawiri.

Hakuna aliyecheka.

"Hukumwona mgonjwa akila hata siku moja?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana. Nilikuwa naangalia sahani."

"Basi utarudia mafunzo."

"Sawa, mzee." Machozi yalikuwa karibu, akayameza. "Naomba kuuliza tu. Nikirudi, nani hapa amewahi kukaa akamwona mgonjwa akila, ili anifundishe?"

Mabwana wakatazamana, kisha wote wakamgeukia msimamizi, aliyeketi pembeni. Naye akainama, akaanza kutafuta kitu mkobani, asikipate.