Hasi Themanini na Nne

Mimi nina mdomo, nianze hapo kabisa. Huku kwetu milimani, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki kutoka Itumba, ukiuliza nyumba ya Mama Gwalugano utaambiwa fuata sauti. Mchungaji nimemwambia kwamba mahubiri yake ni marefu, na mwenyekiti wa kijiji nimemwambia choo cha shule kinanuka mpaka ofisini kwake. Wote bado wananisalimia. Nayasema haya ili nikifika pale nilipokaa kimya, ujue kwamba kusema ninaweza.

Habari yenyewe ni ya shemeji yangu Andongwisye, kaka wa mume wangu. Watoto walimwita Bwana Hasi, na jina alilipata kwa kazi.

Kijijini kwetu mtandao haumfuati mtu nyumbani, mtu ndiye anayeufuata. Chini yetu kuna Mto Songwe, ng'ambo ni Malawi, na minara ya Malawi inatufikia kuliko ya kwetu. Simu ikishika mnara wa ng'ambo, ile milia ya juu kwenye kioo inajaa yote. Unafurahi, unapiga, wapi! Laini zetu hawazitaki. Miaka ya nyuma watu walisimama mvuani na simu zenye milia tele, wakipiga mpaka chaji inaisha.

Andongwisye aliwahi kulinda mnara wa simu upande wa Vwawa kwa miaka minne, na fundi mmoja akamwonyesha programu ya kupima mtandao. Inaandika namba mbili. Ya kwanza inakwambia umeshika nchi gani: 640 ni Tanzania, 650 ni Malawi. Ya pili ni nguvu ya mtandao, na hiyo daima ni hasi. Hasi themanini ni nzuri, hasi mia ni mashaka, hasi mia na kumi na tano rudi nyumbani ukalale. Aliporudi kijijini alipanda na kushuka mwaka mzima, simu mkononi, mpaka akapata sehemu moja juu ya mgongo wa mlima iliyosoma 640, hasi tisini na mbili, kiangazi na masika. Akaweka jiwe pale, akalipaka chokaa.

"Milia ni mapambo," alitufundisha. "Ukweli ni namba."

Tukamwamini, na alistahili. Kila mgonjwa aliyepelekwa hospitali kwa gari miaka ile, gari liliitwa kutoka kwenye lile jiwe. Mimi nilikuwa namtania tu. Asubuhi akipita nauliza, "Shemeji, leo umeamka hasi ngapi?" Naye anacheka kwa pua, anapita zake.

Alikuwa mjane. Mke wake alifariki mtoto wao wa pekee, Sekela, akiwa na miaka sita. Tangu hapo Sekela alilala kwa baba yake lakini alikula kwangu. Nilimsuka nywele, nilimchapa, nilimfundisha kukanda unga. Aliniita mama mdogo, na alipoolewa na Jonasi, fundi simu wa Tunduma, nililia kuliko baba yake.

Januari mwaka jana Andongwisye alikwenda Tunduma kumchukua. Sekela alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu uzazi wa kwanza binti hurudi nyumbani. Mama yake alikuwa kaburini, kwa hiyo nyumbani ilikuwa ni kwangu. Siku ya kuondoka, shemeji alimshika mkwewe mkono akamwambia, "Umenipa mmoja, nitakurudishia wawili." Sekela mwenyewe ndiye aliyenisimulia, huku akicheka.

Siku hiyohiyo, kibandani kwa Jonasi, ndipo simu ilipoguswa. Jonasi aliitazama akasema, "Baba, simu yako inaomba apdeti tangu mwaka jana. Isipopata, siku moja itagoma hata kutuma pesa." Wakaiapdeti hapohapo. Ilipowaka tena ikauliza swali: programu ya kupima mtandao iruhusiwe kujua mahali ulipo? Jonasi alikuwa amegeuka kumhudumia Mzambia mmoja aliyevunja kioo. Shemeji akajiamulia mwenyewe. Alikuwa amesikia habari za watu wa mpakani wanaoibiwa kupitia simu, naye hakutaka upuuzi.

"Mahali nilipo mimi napajua," alisema. "Yeye anapatakia nini?" Akabonyeza Usiruhusu.

Wiki mbili baadaye alisimama kanisani baada ya ibada akiwa na uso wa sikukuu. Akatutangazia kwamba mtandao umeongezwa nguvu. Juu kwenye jiwe simu inasoma hasi themanini na nne, na hapa chini kanisani inasoma hivyohivyo, 640, hasi themanini na nne. Amempigia nesi Diana wa zahanati, yule anayetuagizia gari la wagonjwa, akiwa amesimama pale mlangoni, na nesi amepokea. Kwa hiyo wazee hawana sababu ya kupanda tena. Kuanzia leo jiwe linahamia kanisani.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikauliza, "Shemeji, umepiga mara ngapi kutoka hapo?"

"Mara moja inatosha. Namba imesema."

"Ungejaribu na siku ya ukungu kwanza."

Akanitazama, akawatazama watu. "Shemeji, wewe shika mwiko. Mtandao niachie mimi."

Kanisa zima likacheka, mchungaji akiwamo. Mume wangu hakuwapo, alikuwa Kamsamba kwenye mpunga, kwa hiyo sikuwa hata na wa kununiana naye nyumbani. Niliumia, sitasema uongo. Mimi ndiye niliyemlelea mtoto, halafu ananifanya kichekesho mbele ya watu. Nikaapa kwamba mambo ya mtandao wake sitayatia mdomo tena.

Sasa sikiliza. Kwake hakuna sola, simu yake alikuwa analeta kuchaji jikoni kwangu, tena kwa kawaida imezimwa. Wiki moja baada ya ile Jumapili aliileta ikiwa inawaka. Nilikuwa nachambua maharage, nikaishika nitazame saa. Programu ilikuwa wazi: 640, hasi themanini na nne.

Jiko langu limebanana na mwamba. Hata redio humo haisemi. Tangu lijengwe, hakuna simu iliyowahi kushika chochote ndani yake.

Nikaichomoa, nikaenda nayo mpaka bandani kwa ng'ombe. Hasi themanini na nne. Nikashuka nayo kisimani, kwenye shimo kabisa. Hasi themanini na nne. Haikupanda, haikushuka. Mlimani kitu kisichobadilika ukipanda na kushuka si kipimo. Nikajua kwamba simu inadanganya, na kwamba jiwe limewekwa mahali ambapo mtandao haujapimwa.

Nikairudisha kwenye chaji, nikaendelea na maharage.

Jioni alipokuja kuichukua nilimpa mkononi bila neno. Nilitaka aumbuke. Nilimwona kichwani mwangu amesimama pale mlangoni kwa kanisa, mbele ya watu walewale, simu haitoki, nami niko pembeni nimefunga mikono. Ndiyo picha niliyoitunza. Wala sikuwaza nani atakuwa anahitaji simu siku hiyo.

Dalili hazikukosa. Mzee mmoja alikaa kanisani siku mbili akimtafuta mwanawe Mbeya bila kumpata. Shemeji akasema ni mvua. Mwalimu wa shule alilalamika kwamba pale simu inakubali leo, kesho inakataa, na milia imejaa. Shemeji akamwambia milia ni mapambo. Sekela akaanza kuvimba miguu. Kila nilipomkanda na maji ya moto nilijisemea kwamba kesho nitasema. Jumatatu tulikuwa tumpeleke Itumba akasubirie karibu na hospitali, hivyo niliona siku zipo.

Ijumaa, saa nne asubuhi, chupa ya uzazi ya Sekela ilipasuka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka milangoni. Bibi Tumpe, mkunga wetu wa zamani, alimshika Sekela tumbo, akaniita nje.

"Damu imetangulia," alisema. "Hii siiwezi. Iteni gari."

Mimi na shemeji tukakimbia. Njia panda nilisema, "Twende juu."

"Juu kufanya nini? Jiwe liko kanisani."

Nikamfuata. Sijui kwa nini nilimfuata. Pale kwenye jiwe simu ilisoma 640, hasi themanini na nne. Akapiga. Ikakatika kabla ya kuita. Akapiga tena, ikakatika. Nikajaribu kisimu changu cha kitochi, nacho vilevile. Milia yake ilikuwa imejaa yote, na mtu yeyote wa kijiji hiki aliyezidi miaka kumi angejua maana yake: tumeshika ng'ambo. Ila yeye alikuwa ametufundisha kutoiangalia.

"Twende juu, shemeji," nikasema.

"Namba ni nzuri," akasema. "Nesi ndiye atakuwa anaongea na mtu. Subiri."

Akapiga mara ya tano, ya kumi. Kurudi kwenye jiwe la zamani ni kupanda dakika arobaini, na yeye aliona akiondoka pale atapoteza dakika arobaini bure na huku mtandao anao mkononi. Mimi nilijua kwamba hana. Maneno yalikuwa mdomoni: simu yako ni mbovu, niliiona jikoni. Lakini angeniuliza niliiona lini. Ningemjibu nini? Kwamba nina wiki mbili nikijua? Nikasema tu twende juu, twende juu, na kila mara akasema subiri, namba ni nzuri.

Tulikaa pale saa nzima. Kisha nikamnyang'anya simu, nikapanda peke yangu. Viatu vilinasa kwenye tope, nikaviacha. Juu, pale palipokuwa na jiwe pamebaki duara la chokaa kwenye nyasi. Nikasimama ndani yake nikapiga, na nesi Diana akapokea mlio wa pili.

"Mbona mmechelewa hivi?" aliniuliza nilipomweleza. "Gari lilikuwepo hapa, limeondoka dakika kumi zilizopita kupeleka mgonjwa Itumba. Likimshusha tu naligeuza."

Lilifika saa tisa. Sekela alikuwa amefariki saa nane na dakika chache, kichwa chake mapajani kwa Bibi Tumpe. Mtoto alitoka hai, wa kike. Nilimkuta amefungwa kwenye kitenge changu, hana kilio, anatazama tu. Tumempa jina la mama yake.

Jonasi alifika Jumamosi kutoka Tunduma, Jumapili tukazika. Jioni ya mazishi watu walipopungua, tulibaki watatu jikoni kwangu. Jonasi amekaa kwenye gunia, shemeji kwenye kigoda, mimi nakoroga uji, mtoto mgongoni. Simu ilikuwa kwenye chaji. Jonasi akaichukua, nafikiri alitaka tu kushika kitu. Akaitazama kwa muda.

"Baba, humu ndani kuna mtandao?"

"Humu hakujawahi kuwa na mtandao," shemeji alisema.

Jonasi akabonyezabonyeza. Akatoka nje, akarudi. Kisha akatueleza, taratibu, kama anavyowaeleza wateja. Tangu ile apdeti, programu ikikatazwa kujua mahali ilipo hairuhusiwi tena kuiona minara. Haikwambii kwamba haioni. Inabaki na namba ya mwisho iliyoishika.

"Hii ni ya kibandani kwangu," alisema. "Hasi themanini na nne. Hii ni namba ya Tunduma."

Shemeji alinyoosha mkono, akapewa simu. Aliisoma. Aliinuka akaenda nayo kwenye kona ya mwamba, akaisoma tena, akarudi akakaa. "Nimemuua mwanangu," alisema. Hakulia. Alimwambia Jonasi, "Nilikuahidi wawili." Jonasi aliinamisha kichwa.

Nilijua hapa ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo.

Shemeji akanigeukia. Macho yake yalikuwa mapole, hayakuwa hivyo tangu tuanze kununiana. "Nisamehe lile neno la kanisani, shemeji," alisema. "Ulisema nijaribu siku ya ukungu. Simu imekaa humu siku zote hizi, imelala hapa karibu na mkono wako. Laiti ungeitazama hata mara moja. Wewe ungeniambia. Wewe huna siri."

Uji ulikuwa unaanza kushika chini.

"Kweli, shemeji," nikamwitikia, nikashika mwiko.