Mama Euphrasie Kanyere, Mfariji wa Wauguzi wa Kisangani

Alizaliwa mwaka 1968 karibu na Butembo, katika ukoo wa wafanyabiashara Wakatoliki. Duka la baba yake halikumvuta. Alipomwona mama yake mdogo akifa kwa uzazi, aliomba kuwa mtawa na muuguzi. Mwaka 1995 shirika lake lilimtuma Kisangani, kwenye hospitali ndogo ya misioni katika komini ya Tshopo, mojawapo ya mitaa ya mji. Mabomu yalipoanguka mjini mwezi Juni 2000, aliwahudumia majeruhi bila kupumzika. Vita vilipokwisha, yeye mwenyewe alivunjika: mlango ukibamizwa alitetemeka, na sala ilimkaukia kinywani. Wengine walinong'ona kwamba imani yake ilikuwa haba. Hakujificha. Alikwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili, akameza dawa, akawaambia watawa wenzake, "Niko mugonjwa, na ugonjwa si haya." Akapona polepole.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2019, surua ilipojaza wodi ya watoto. Muuguzi Aurélie, aliyekuwa amewafunika watoto wengi sanda, alimkemea Nyota, mama aliyekuwa akimlilia binti yake aliyefariki: "Acha makelele!" Daktari mkuu, Gédéon, akaamua kumfukuza Aurélie kazi.

Mama Euphrasie akasimama mbele yake. "Docteur, huyu hakosi roho. Roho yake imechoka. Mi pia nilikuwaka vile. Ukimufukuza, utafukuza sisi wote."

Daktari akaketi, akafunika uso. "Ma sœur," alimwambia mtawa, "hata mi sisikiake tena kitu mu roho."

Kuanzia juma lile, wahudumu wote, daktari akiwa miongoni mwao, waliketi pamoja kila Ijumaa, wakasema yaliyowalemea na kulia bila kuona haya. Aliyezidiwa alipelekwa kutibiwa. Aurélie alipumzishwa, akatibiwa, kisha akaenda kwa Nyota kuomba msamaha. Mwaka uliofuata Nyota alileta mtoto wake mchanga mwenye homa, akasema, "Mi nataka Aurélie." Waamini wa Tshopo wanalihesabu jambo hilo kuwa la ajabu kuliko uponyaji wowote.

Mama Euphrasie alifariki Februari 2022, mkono wake ukiwa mikononi mwa Aurélie. Kanisa halijatamka neno juu yake, lakini Kisangani inatembea kifua mbele kwa kuwa alikuwa wetu, na hospitali nyingine za mji zimeanza kuketi Ijumaa. Nasi tumwige: tunapomwona anayetuuguza amekuwa mkavu, tusimhukumu kabla ya kumuuliza, "Na wewe, unaendeleaje?"