Udongo kutoka Bustani ya Bwana Mkuu

Ni mimi niliyechota udongo kwenye bustani ya Bwana Mkuu wa Maabara. Vijiko viwili, chini ya mawaridi yake, Jumapili moja yeye akiwa kanisani anaimba besi. Katika maisha yake aliniuliza mara tatu kama ni mimi, na mara zote nilisema hapana. Mara ya tatu, kwenye karamu ya kustaafu kwake, niliongeza kwamba sijui hata lango la bustani ile linafunguka upande gani. Maabara yetu ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa yeye. Uongo wangu haukuwa wa mtu hodari. Sasa ameshafariki, nami nimestaafu kabla ya wakati kwa sababu ya mgongo, na vijana wanaosomea kazi yetu huja kuniuliza tulipimaje maji enzi zile. Siwezi kuwaeleza nikairuka ile bustani.

Nilifika kazini Nchelenge, kando ya ziwa linalotutenga na Kongo, katikati ya miaka ya sabini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, shahada ya sayansi niliyoipata Tanzania, na viatu vya visigino. Baba yangu ni mtu wa Kashikishi, mama alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, kwa hiyo mchanga wa pale niliujua tangu utotoni. Visigino nilivaa ili watu waone nimerudi nimesoma. Waliona. Kisigino cha kushoto kilibaki mchangani kabla sijafika mlangoni, nikaingia kazini siku ya kwanza nikichechemea.

Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la afya. Kulikuwa na sufuria kubwa ya presha ya kuchemshia vyombo mpaka kila kijidudu kife, taa ya spiriti, mizani, rafu za mabomba ya kioo, na inkubeta, yaani sanduku la kutunza joto, iliyotumia mafuta ya taa na kunuka kama jiko la bibi. Bwana Mkuu alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi mifukoni. Ujanani alifanya kazi hospitalini Lubumbashi, na huko ndiko alikopata Kiswahili alichozungumza nami, kilichochanganyika na Kifaransa. Kibemba alimwekea mkewe na hasira zake.

Nilimnyooshea shahada yangu. Hakuitazama.

"Weka hiyo kwanza, mademozeli. Onyesha mikono."

Akakagua kucha zangu moja moja, kama anayechagua dagaa.

"Kata hizi. Kiisha nawa. Kiisha nawa tena. Leo hautashika kitu."

"Bwana Mkuu, chuoni nilikuwa wa pili darasani."

"Wa kwanza yuko wapi?"

"Amebaki kufundisha."

"Bon. Basi tulinyimwa. Nawa."

Siku ile nzima niliosha chupa na mikono. Jioni akanipa somo lake kuu, ambalo ningelisikia mara nyingi kuliko jina langu: "Chupa haisemake uongo. Ni mikono ndiyo inasema."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachota maji kwa chupa iliyochemshwa, ukiishika kitakoni, mdomo wake ukielekea kule maji yanakotoka. Kama ni udongo, unaupima, unautikisa ndani ya maji yaliyochemshwa, unauacha utulie. Kisha unatia matone kwenye mabomba yenye mchuzi wa zambarau, chakula wanachokipenda bakteria wa utumbo. Ndani ya kila bomba kuna kijibomba kidogo kilichopinduliwa. Unaweka yote kwenye joto la nyuzi arobaini na nne, ambalo viumbe wengi hawaliwezi, na kesho yake unasoma. Mchuzi ukigeuka manjano, na hewa ikijikusanya kwenye kijibomba, bakteria wa utumbo wamo. Vitabu tulivyosoma, vyote vilivyoandikwa na watu wa nchi za baridi, vilisema bakteria hao hawaishi muda mrefu nje ya tumbo. Ukiwakuta, kinyesi kimefika. Hakuna mjadala.

Na kila safari tulitia bomba moja la shahidi, lenye maji yaliyochemshwa tu. Shahidi akibaki zambarau, mikono yako ilikuwa safi. Kwa miaka yote niliyokaa Nchelenge, shahidi wangu hakuwahi kugeuka rangi. Nina vyeti kadhaa ukutani, lakini nikijisifu mwenyewe chumbani, hujisifu kwa hilo.

Jumatatu nilipima bandari ya Kashikishi, palipojaa mitumbwi, samaki waliotandazwa juani na wafanyabiashara waliovuka kutoka Kongo. Kiswahili changu cha darasani kiliwaburudisha sana. "Huyu anaongea sawa redio," mama mmoja aliwaambia wenzake, nao wakaniomba niwatangazie bei ya chisense, dagaa wa ziwa letu. Jumatano nilikwenda kijiji cha Kabuta kwa baiskeli, chupa zikigongana kikapuni, na huko ndiko nilikokutana na kisima cha Mama Chola.

Mama Chola alikuwa mjane aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, mkaushaji samaki, na mlinzi wa kisima bila kuteuliwa na mtu. Kisima kilikuwa nyuma ya tuta la mchanga, mbali na vyoo, mbali na vichanja vya samaki. Sheria zake hazikuwa na fomu. Viatu vinaachwa kwenye mstari wa mawe. Aliyepasua samaki ananawa kwa majivu kwanza. Ndoo ni moja tu, ya kisima, inaning'inia kwenye mti na haigusi chini. Nilipofika mara ya kwanza na viatu vyangu, safari hii visivyo na visigino, alinitazama miguu mpaka nikavivua.

"Weye ni munganga?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Mimi napima maji."

"Basi ni munganga ya maji. Pima. Hii haina mugonjwa."

Kesho yake mabomba yote ya kisima yalikuwa manjano, na hewa imejaa. Nikarudia wiki iliyofuata. Manjano. Nikarudia mara nne. Bwana Mkuu alisoma daftari langu, akalifunga taratibu.

"Kinyesi. Kisima kifungwe. Magunia mawili ya chokaa, kiisha mchanga."

Nilipeleka habari Kabuta mwenyewe, nikiamini kwamba msomi anapaswa kuwa na uso mgumu. Wanawake walikuwa wanachota. Mama Chola alinisikiliza hadi mwisho.

"Mavi ya nani?" akauliza.

"Haijulikani, mama. Chupa inaonyesha tu kwamba yapo."

"Basi leta mwenyewe tumuone. Miye naamka hapa, nalala hapa. Sijaona mutu."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono kuelekea ziwani.

"Zamani, hii kisima haijachimbwa, tulikuwa tunachota maji kule. Mamba ilikamata muke ya kaka yangu, na ndoo yake. Ndoo ilirudia. Mukifunga hapa, banamuke batarudia kule. Weye utakuya kupima mamba?"

Mtu akibanwa na swali hutaja mamlaka. Nikasema ni amri ya Bwana Mkuu.

"Ninauliza kitu kimoja tu, mutoto ya masomo," akasema. "Ulipimaka udongo ya fasi haina mutu? Kama chupa yako inageuka na kule, mavi ya nani?"

Nilipanda baiskeli nikiwa na hasira, kwa sababu swali lile ndilo nililopaswa kuuliza mimi. Kupima mahali pasipo na kosa ili ujue kosa linafananaje ni somo la mwaka wa kwanza, na nililifaulu. Nililiacha katika chumba cha mtihani.

Wiki ile nilikwenda na mvuvi mmoja hadi kwenye kichanga, kijisiwa cha mchanga kilichotengana na ufukwe, mahali pasipolala mtu wala ng'ombe, nikachukua udongo kwa kijiko kilichopitishwa motoni. Manjano, na hewa. Nikapanda kwenye kilima cha mchwa nyuma ya Kabuta. Manjano. Shahidi alibaki zambarau. Nikampelekea Bwana Mkuu mabomba mkononi, nikitembea kama ninayepeleka barua ya posa.

"Mikono," akasema.

"Shahidi ni safi, Bwana Mkuu. Tazama."

Akatazama. Akakubali, kwa sababu alikuwa mwadilifu. "Basi mutu alipitaka kule. Wavuvi hawana mipaka. Ukinionyesha udongo ambao ninajua hakuna mutu alikanyaga, nitakusikiliza."

Dunia nzima ilikuwa na sehemu moja tu ambayo Bwana Mkuu alijua hakuna mtu aliyeikanyaga. Bustani yake ilizungushiwa ua wa matete mara mbili. Kuku hawakuingia, mkewe hakuingia. Samadi aliichukia, mawaridi yale yalilishwa mbolea ya gunia na kunyweshwa maji yaliyochemshwa kazini. Alinihubiria habari za bustani hiyo kila Ijumaa.

Basi nikangoja Jumapili. Lango linafunguka kwa ndani, ukitaka kujua.

Mpango wangu ulikuwa mzuri hadi ulipofika kwangu. Niliandika kwenye bomba namba tu, bila jina la mahali. Asome mwenyewe, aseme neno lake, kisha nimwambie. Jumatatu nilianza kipimo, Jumanne asubuhi akasoma. Akainua rafu kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso.

"Hii si udongo, mademozeli. Hii ni choo. Banaishi aje hapa? Bila haya kabisa. Ni wapi?"

Ilikuwa zamu yangu. Nilifungua mdomo. Niliona koti lile lililopigwa pasi, nikaona shahada yangu, ajira yangu, baba yangu akinisifia sokoni. Mdomo ukasema: "Kabuta, Bwana Mkuu."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasaini amri ya kufunga kisima hapohapo. Chokaa ingepakiwa wiki moja baadaye. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa Mama Chola nikarudi nimemzika kwa mawaridi ya bosi.

Ujasiri nilioukosa mdomoni niliupata kwenye fomu, kama ilivyo desturi ya watu waliosoma. Nilikuwa na kijiko cha pili, bado kimefungwa. Nilikitia chupani, na katika chupa nyingine tatu nikatia udongo niliokuwa nao wa kisima, wa kichanga na wa kilima cha mchwa, kila chupa na jina lake la kweli. Kwenye ya nne niliandika: bustani ya Mkuu wa Maabara, Nchelenge. Nikaandika pia swali: je, bakteria hawa wanaweza kuishi na kuzaana katika udongo wa joto wenyewe, bila kinyesi? Nikapiga mhuri wa ofisi badala ya sahihi, na sanduku likaondoka alasiri ileile na basi kwenda maabara kuu ya mji mkuu. Kisha nikahesabu siku: safari ya basi, siku mbili za kipimo. Ingewezekana, kama mtu yeyote huko angejali.

Kabla sijafika mwisho niseme neno kwa vijana. Baada ya Nchelenge nilifungua maabara ya meza moja Puta, chini ya Afisa wa Wilaya aliyeogopa hadubini kama bunduki. Nikahamia mji wa migodi, nikawa Mkuu mwenyewe, nikakagua kucha za watoto wa watu. Leo mna umeme usiokatika sana, mna mashine zinazosoma zenyewe. Sioni wivu. Tulipima ziwa zima kwa mafuta ya taa, na namba zetu bado zinasimama. Lakini kipimo ni swali tu, na swali zuri kuliko yote ya kazi yangu niliulizwa na mama aliyekuwa amesimama pekupeku mbele ya ndoo inayoning'inia. Nililibeba mjini, nikapigiwa makofi kwalo mikutanoni, na nilichelewa mno kutaja lilikotoka. Hilo nalo ni la kuungama, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Siku ya chokaa ilifika. Gari lilikuwa uani, magunia mawili mgongoni, dereva anamalizia chai. Bwana Mkuu alikuwa amevaa kofia. Simu ya ofisi, ambayo ililia labda mara moja kwa wiki, ikalia.

Alishika mwenyewe. Niliendelea kuosha bomba lililokuwa safi.

"Nchelenge, maabara. Ndiyo, bwana. Ndiyo, Kabuta." Akavuta daftari. "Na kichanga pia? Na kilima?" Akachukua penseli. "Nanyi munaonaka hivyo? Udongo ya huko pia? Tangu lini?" Kisha mgongo wake ukanyooka. "Na chupa ya nne imegeuka pia? Bustani gani?"

Maji niliyoyafungulia yalikuwa yanafurika sinki.

"Yangu," alisema kwenye simu. Halikuwa swali. "Hapana, bwana. Hakuna mutu anaingia mule. Hiyo nitaapa."

Upande wa pili ulizungumza. Nilisikia sauti tu, nyembamba, ikikatika na kurudi. Bwana Mkuu aliandika, akavua kofia, akaiweka mezani, akaendelea kuandika. Kisha akaziba simu kwa kiganja na kunigeukia, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa macho ya mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ni weye?" akauliza.

"Hapana, Bwana Mkuu."

Alinitazama mikono.

"Mwambie dereva ashushe chokaa," akasema, akarudi kwenye simu na kuomba wamsomee matokeo yote tena tangu chupa ya kwanza, polepole, ayaandike daftarini kwa mkono wake.