Mwalimu Kipeuo Achagua Kitabu

Wanafunzi wake walimbandika jina la Kipeuo kwa sababu hakuna mada aliyoifundisha kwa mbwembwe kama vipeuo vya pili, na yeye mwenyewe alilipenda, akawa anaitika hata akiitwa hivyo sokoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa ulimi, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, na hesabu za sekondari alizifundisha tangu ujana wake. Ukimuuliza leo habari za mwaka ule alipotaka kurudi chuoni, atacheka kwanza, kisha atakwambia, "Kaa hapo nikusimulie jinsi mtu mzima anavyojidanganya mchana kweupe."

Chuo cha mjini kilikuwa kimetangaza nafasi za shahada ya uzamili katika hesabu, na kulikuwa na sharti la umri. Mwakani Kipeuo angekuwa amelipita. Kwa hiyo ni sasa au basi tena. Aliitaka nafasi ile, jamani, aliitaka mpaka akawa anaiota. Lakini kulikuwa na usaili, na ndani ya usaili kulikuwa na jiometri tofautishi, elimu ya kupima jinsi mistari inavyopinda na nyuso zinavyobinuka. Alipokuwa mwanafunzi, somo hilo lilikosa mwalimu, likarukwa. Sasa ilimbidi alisome peke yake, kwa kitabu.

Hapo kwenye kitabu ndipo alipokwama.

Maktaba ya chuo iliwaruhusu watu wa nje kuazima kitabu kimoja kimoja: rudisha hiki ndipo uchukue kile. Vitabu vya jiometri kwa wanaoanza vilijaa safu nzima, pembeni, chini ya dirisha lisilofungika. Mtu mwenye akili timamu angechukua cha kwanza akaenda zake. Kipeuo achukue tu chochote? Thubutu! Shuleni kwake yeye ndiye aliyeamua darasa litumie kitabu gani, na alikuwa na njia yake ya kukipima: anafungua pale penye jambo analolijua barabara, anasoma, anatoa hukumu. Kwa vitabu vya kidato cha pili njia hiyo haikuwahi kumwangusha, maana mambo ya kidato cha pili aliyajua yote.

Katika jiometri tofautishi alijua mambo mawili tu: kwamba duara dogo hupinda kuliko duara kubwa, na kwamba tufe hupinda sawasawa kila mahali. Basi kila kitabu akakifungua hapohapo. Kikimwambia analolijua, aliitikia kwa kichwa: "Huyu anajua kueleza." Akisogea mbele kikamwambia asilolijua, alikifunga: "Aa, huyu hajui kueleza." Siku iliyofuata alikuwa mlangoni kwa mkutubi.

"Hiki nacho kina nini, Mwalimu?" mkutubi aliuliza, akipunguza sauti ya redio.

"Michoro michache."

"Na kile cha juzi?"

"Kile michoro imezidi, utadhani cha chekechea."

"Na kile chekundu ulichokisifu?"

"Kinaanza na nyuso kabla ya mistari. Nani anamfundisha mtoto kukimbia hata kutambaa hajajua?"

Mkutubi alikipokea, akamwandikia kingine, akarudi kwenye redio yake.

Nyumbani, mume wake, fundi wa majokofu, alikuwa amejitolea kupika mpaka usaili upite. Alikuwa akitoka jikoni na mwiko mkononi, anachungulia mezani.

"Leo umefika wapi, mama?"

"Dibaji."

"Si jana pia ulikuwa kwenye dibaji?"

"Jana ilikuwa ya kitabu kingine."

Fundi alijikuna kidevu kwa mpini wa mwiko. "Mke wangu, mchagua jembe si mkulima."

"Na wewe kageuze chakula, kinaungua," akamjibu kwa ukali, maana alijua amepatikana.

Ukali ule haukudumu. Dibaji zilikuwa tamu! Alijua mwandishi gani alimshukuru mkewe, yupi aliwalaumu wanafunzi wake, na yupi aliahidi kwamba msomaji hahitaji kujua lolote kabla ya kuanza, ahadi ya uongo mtupu. Akaanza kuvilinganisha vitabu mbele ya walimu wenzake, wakati wa chai, na wao wakawa wanatega masikio vikombe vikipoa. Mwalimu wa fizikia alimwambia, "Wewe, hiyo nafasi ni yako, wanakupotezea muda tu na usaili." Kipeuo akavimba kichwa. Usiku huo alilala mapema, hakufungua kitu, kwa sababu mtu aliyekwisha elewa anahitaji mapumziko.

Siku ya usaili ikafika. Alivaa gauni lake la bluu, fundi akampeleka mpaka lango la chuo, akarudi kwenye majokofu yake. Ndani ya chumba walikaa wasaili watatu nyuma ya meza ndefu, na ubao mweusi ukutani. Aliyeongoza alikuwa mhadhiri mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

"Karibu, Mwalimu. Jiometri umejisomea mwenyewe, tunaona hapa. Ulitumia kitabu gani?"

Loo! Ni kama aliyeulizwa jina lake. Kipeuo alifunguka. Akawaeleza kipi kinaanza na mistari na kwa nini ni heri. Kipi mazoezi yake yana majibu na kipi kinamwacha msomaji gizani. Kipi kinamfaa mtu anayependa michoro, kipi kinamfaa anayependa aljebra. Wasaili wawili waliacha kuandika wakawa wanasikiliza. Mhadhiri alitabasamu. Kipeuo akajiona tayari yumo darasani, dawati la mbele.

"Vizuri sana," mhadhiri alisema. "Basi chukua chaki. Katika vitabu hivyo vyote, chagua kimoja unachokipenda, utufanyie swali lolote la sura ya tatu. Chagua mwenyewe."

Kipeuo akashika chaki, kitu alichokishika kila siku ya maisha yake ya kazi, akaukabili ubao. Akakumbuka jalada jekundu, jalada la kijani, shukrani kwa mke. Hakukumbuka swali hata moja, kwa sababu hakukuwa na swali la kukumbuka. Akaona aibu ambayo hajawahi kuiona. Mwishowe akageuka.

"Sikufika sura ya tatu."

"Ya kitabu kipi?"

"Vyote," akasema.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wakamuuliza mambo mengine, akajibu vizuri, lakini uamuzi ulitolewa papo hapo, kwa upole: hawangeweza kumchukua. Wote mle ndani walijua kwamba mwakani umri utakuwa umepita. Akashukuru, akakirudisha kipande cha chaki mahali pake, akatoka.

Katika ushoroba akasikia viatu nyuma yake. Ni yule mhadhiri.

"Mwalimu, samahani, nisikuudhi. Muhula ujao somo hili nalifundisha mimi, na natakiwa kuchagua kitabu kimoja cha wanaoanza. Kusema kweli sijasikia mtu akivichambua vile. Ungewapa wanafunzi wangu kipi?"

Ulimi ulimwasha Kipeuo, hata wakati ule. Angeweza kuongea mpaka jioni.

"Chochote," akasema. "Wape cha kwanza kwenye rafu. Kisha wafungie maktaba."

Mhadhiri akacheka sana, akidhani ni utani. Kipeuo naye akacheka ili kumsaidia, akaendelea kucheka mpaka alipofika nje ya lango, na huko ndiko alikolia.