Kitanda cha Babu Kilipotoka Boma

Juzi pale Kwa Mathias jeneza lilipita, na wenye maduka wakaacha mizani zao wakakimbilia kutia bega. Moyo wangu ukarudi Msimbu, kijijini kwetu, nilipokuwa mtoto.

Babu alikuwa amefungwa kwa kusema hadharani kwamba Waingereza warudi kwao. Gerezani akaugua kifua. Wazee wakaenda boma pamoja na liwali kumwombea, wakarudi, wakaenda tena, hadi Bwana DC akakubali akauguzwe nyumbani. Mchana ule wanaume waliondoka na kitanda cha kamba kwenda kumchukua, maana hakuweza tena kutembea.

Bibi hakutulia. Alifagia uwanja aliokwisha kuufagia. Alichoma korosho zikaungua, moshi wake ukatuwasha macho. Mbwa akibweka tu, yeye huyo njiani kuchungulia.

Ndipo nikasikia sauti za wanaume, nikadhani ni maulidi. Kitanda kilikuja mbio, wanaume wakipokezana, kila mmoja akigombea kukibeba. Niliona wanavyompenda babu yangu. Sikujua bado kwamba mgonjwa hubebwa taratibu, na anayekimbizwa namna ile ni maiti. Nikapiga vigelegele kwa nguvu zangu zote.

"Nyamaza, we mtoto!" Shangazi akaniziba mdomo.

Bibi alikuja, fagio bado mkononi, akauondoa mkono wa shangazi usoni pangu.

"Mwache apige," alisema. "Si wamemtoa?"