Mstari wa Mwalimu Shomari

Usiku ule wa kuamkia upasuaji wa Mama Neema, nililala na furaha ya mtoto anayesubiri sikukuu. Uvimbe ulikuwa kwenye mkia wa kongosho lake, na kwa mara ya kwanza hospitali yetu ingeutoa kwa kamera na matundu madogo, bila kumpasua tumbo zima.

Nikajikuta chumba cha upasuaji. Jua linajaa dirishani. Mwalimu Shomari, aliyenifundisha kushika kisu na ambaye tulishamzika, anavaa glovu. Sishangai hata kidogo. Namwonyesha kamera, maneno yananitoka mbio: damu hupotea kidogo, maumivu hupungua, mgonjwa huwahi kurudi nyumbani.

"Vizuri. Na kongosho likivuja baadaye?"

"Hilo halijali tumeingilia wapi, Mwalimu. Linaweza kuvuja kwa njia zote mbili."

"Kumbe darasani ulikuwa husinzii."

Tunacheka, na chumba kimekuwa duka la ushonaji la Mama Neema. Yeye amelala juu ya meza ya kukatia vitambaa, ametulia. Mwalimu anafunua shuka, anapapasa tumbo lake.

"Mstari wangu uko wapi?"

Enzi zake, hata tulipotoa kifuko cha nyongo kwa kamera, kwanza tulichora tumboni kwa kalamu njia ya mkato mrefu. Mshipa ukipasuka ndani, hakuna muda wa kutafuta pa kufungulia. Mimi sikuwa nimepanga kuchora. Mama Neema nilimweleza matundu tu.

"Unaona haya kumfungua," anasema, akinipa kalamu. "Haya yako isimuue mama wa watu."

Nikaamka, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu. Furaha ilikuwa palepale, ila sasa ilikuwa imekanyaga ardhi.

Asubuhi nikaketi kitandani kwa Mama Neema.

"Mama, tutaanza na matundu. Nikiona hatari, nitakufungua kwa mstari nitakaouchora hapa. Utapona polepole zaidi, na kovu litakuwa refu. Lakini hiyo haitakuwa kushindwa. Itakuwa njia ya kukurudisha kwa Neema."

Akapandisha gauni.

"Chora basi, daktari. Na uunyooshe. Tumbo hili ni la fundi cherehani, mstari huo nitaukagua."

Nikachora. Akainua kichwa kuukagua.