Biri ya Babu na Pua ya Tupokigwe

Ni mimi niliyeichukua biri ya babu. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka arobaini, na elimu ya chuo kikuu haikunisaidia kitu ila kunifundisha kukana kwa sentensi ndefu zaidi. Lakini kila asubuhi, kahawa inapochemka nami ninapowasha biri yangu ya bei nafuu, harufu hizo mbili hunirudisha kijijini Makwale, enzi za Wadachi, nikiwa mtoto asiye na meno ya mbele.

Babu alikuwa amewabebea Wadachi mizigo kutoka Mwaya, ziwani, hadi milimani, akarudi na goti bovu na starehe moja. Kahawa aliipata kwa watu wa misheni. Bibi aliikaanga kwenye kigae mpaka nyumba nzima ikanukia, kisha akaitwanga. Biri zilitoka dukani Mwaya: tumbaku iliyosokotwa nene kama kidole gumba, ya daraja la chini kabisa, ambayo Mdachi mwenyewe asingeigusa. Babu alisema Mdachi hajui kitu, kwani biri ghali huvutwa haraka kwa majivuno, na ya bei rahisi huvutwa polepole kwa shukrani. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, ukungu ungali umelalia migomba, akanywa funda, akavuta, akanong'ona “Ndaga,” yaani asante, bila kusema anamshukuru nani. Kisha alishuka mtoni kuoga, biri ikiwa mdomoni.

Starehe hiyo iliwafaa na wengine. Kwetu mke wa mtoto hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Akihisi mzee anakuja, alijifunika kichwa na kuingia majanini. Macho yao yakikutana, watu waliogopa kwamba mwanamke hatazaa, na ndoa yenyewe iliweza kuvunjika. Kabla ya biri, wake wa watoto wake walitembea wametega masikio kama swala. Biri iliwapa nafuu, kwa kuwa harufu yake ilimtangulia mzee kila aendako. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kwetu pafukapo moshi palikuwa na baba mkwe. Aliyenusa vizuri kuliko wote alikuwa Tupokigwe, mke mpya wa baba yangu mdogo, msichana wa Ngana aliyekuja kila asubuhi kumtekea bibi maji. Alinitania kwamba pua yake inajua alipo babu kuliko bibi anavyojua. Zaidi ya hapo hakuwa mcheshi. Akishatua mtungi alisimama akitazama upande wa Ngana, na bibi alisema huo ni ugeni tu, utaisha.

Asubuhi moja babu aliiweka biri yake juu ya jiwe, akaenda kumtazama ndama nyuma ya nyumba. Niliinyakua, nikakimbilia mgombani, nikakaa kama nilivyomwona akikaa, nikavuta. Dunia ilizunguka. Nilikohoa mpaka kuku wakatawanyika, na moshi ukapaa juu ya migomba kama mzee mzima yuko pale. Babu alirudi, akatafuta, akakata tamaa, akashuka mtoni bila biri. Nilipochungulia, Tupokigwe alikuwa anapanda kutoka mtoni kwa njia ileile, nyembamba, matete huku na huku. Walikutana uso kwa uso. Mtungi ulianguka ukapasuka. Babu ndiye aliyejifunika uso. Tupokigwe alibaki amesimama, mikono chini, akimtazama machoni kwa muda wa kuweza kuhesabu vidole vya mkono mmoja.

Bibi alipomuuliza Tupokigwe, alisema jambo moja tu: moshi ulikuwa mgombani. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuirudisha biri juu ya jiwe, na pale watu waliikuta. Baba mdogo aliniuliza mbele ya wote nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nafukuza ndege kwenye ulezi. Tupokigwe aliniangalia, akanyamaza. Siku ya tatu kaka zake walikuja kumchukua, naye akaondoka na kitita chake kichwani bila kugeuka nyuma. Muda si mrefu vita vya Wadachi na Waingereza vikatufikia, na habari za mwanamke mmoja wa Ngana zikamezwa na habari kubwa zaidi. Mimi ndiye niliyezibeba, nikijua kwamba nimemvunjia mtu nyumba kwa pumzi tatu za moshi.

Siku hizi ninaishi mjini, nina kibaraza, kahawa na biri. Mwezi uliopita mke wa mwanangu alinimiminia kahawa, akanitazama machoni kabisa, akasema, “Moshi huu utakuua.” Nilishtuka hata kikombe kikanitoka mkononi. Yeye alicheka akaenda kutafuta kitambaa. Hakuvunjika mtu isipokuwa kikombe. Usiku huo niliandika barua, ukurasa mmoja bila sentensi ndefu, nikamtumia Tupokigwe kwa mkono wa mwinjilisti wa Ngana.

Jana simu ya ofisini kwangu, ambayo namba yake niliiandika chini ya barua, ililia. Mjukuu wa Tupokigwe alikuwa amempeleka bibi yake posta ya Tukuyu. Sauti ilikuwa ya kizee, lakini niliitambua.

“Mwanangu, umezeeka na mzigo usio wako,” alisema. “Kikohozi kile hakikuwa cha mzee. Nilikuona toka kule chini, umekaa mgombani kama chifu.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakujificha.

“Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kupokewa nyumbani. Ningesema simtaki baba yako mdogo, nani angenisikia? Nikaona babu yako anashuka bila moshi. Nikatembea.”

Biri ilikuwa imezimika vidoleni mwangu.

“Ndaga,” alisema Tupokigwe. “Nimengoja sana kukushukuru.”